Njia Inayokatiza Uani Kwangu

Kuna asubuhi moja, mwanangu, inayonirudia kila ninapoona fundi amevuta kamba kwenye kiwanja. Miaka mingi imepita, na aliyeivuta kamba ile nilishamzika, lakini bado naiona vizuri. Ilikuwa kamba nyeupe, mpya, imenyooka kama alivyopenda mwenyewe, imefungwa kwenye vigingi viwili hapa hapa Chang'ombe ya Dodoma, kwenye uwanja wa nyumba ambayo ilikuwa bado si yetu.

Nakusimulia kwa sababu juzi ulinionyesha picha kwenye simu yako. Nyumba nzuri, sikatai. Vyumba vitatu, kimoja masta, fensi, geti jeusi, karibu na lami, na chini yake dalali ameandika "maongezi yapo". Ukaniuliza, "Bibi, unaionaje?" Nikakuuliza jirani yake ni nani. Ukacheka, ukasema, "Bibi, mimi nanunua nyumba, sinunui jirani." Nikanyamaza, maana chai ilikuwa inapoa na wewe una haraka siku zote. Leo umekaa, umevua viatu, na mlenda bado uko jikoni. Basi nisikilize.

Siku hizi Dodoma kila mtu ni dalali. Ukienda kununua nyanya, muuza nyanya ana kiwanja Nala. Ukienda kwa fundi viatu, ana shemeji yake anauza Ihumwa, hati ipo, njoo uone leo leo maana kesho hakipo. Pale nilipokuwa nawaona wanawake wakipalilia mtama nilipohamia mjini, sasa kuna mitaa yenye taa na watumishi wa wizara wanaotoka asubuhi na magari yao. Wengine wanakuja kutoka Dar es Salaam na treni ya umeme, wanaangalia kiwanja, wanalipa, wanarudi siku hiyo hiyo. Simlaumu mtu. Nafurahi mji kukua, na nafurahi zaidi kwamba wewe umepata kazi huku karibu, nakuona. Ila kuna jambo moja ambalo halimo kwenye picha zenu, na mimi nilifundishwa na mtu niliyemheshimu.

Sasa nikuambie habari za Yona, mume wangu, maana wewe hukumkuta. Wote wawili tulitoka Gulwe. Yona alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza njia ya treni: kukagua mataruma ya chini ya reli, kukaza nati, kunyoosha pale palipolegea. Kazi ile ilimwingia mwilini. Kitu chochote kikipinda kilimnyima raha. Alikuwa ananyoosha mkeka nilioutandika mimi, ananyoosha vijiko mezani kwa watu. Siku ya harusi yetu kule kanisani, bibi harusi naingia, watu wanapiga vigelegele, nikamwona bwana harusi ameinama anasogeza benchi la mbele likae sawa na wenzake. Mama yangu aliniambia sikioni, "Huyu atakutesa." Hakunitesa. Nilicheka naye maisha yangu yote.

Tulipohamia mjini tulipanga chumba mtaa wa pili kutoka hapa. Chumba kilikuwa kidogo lakini tulikuwa wapya katika ndoa, hatukuhitaji nafasi kubwa. Kisha nikapata mimba ya Neema. Tumbo lilipokuwa kubwa, mwenye nyumba akatuita, akatuambia kwa upole kabisa kwamba mwanawe anaoa na chumba chetu kinatakiwa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mwisho wa mwezi tulitakiwa tuwe tumeondoka, na mimi sikutaka mtoto wangu wa kwanza azaliwe nikiwa nimebeba magodoro kichwani.

Ndipo tukasikia kwamba Mzee Ramadhani anauza nyumba yake. Huyu alikuwa Mrangi, mtu wa Kondoa, mfanyabiashara wa asali na vitunguu, aliyeishi hapa tangu mtaa huu ukiwa na nyumba za kuhesabika. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake kule Kondoa alikuwa hachoki kumwita arudi milimani akapumzike. Nyumba yenyewe ni hii uliyokaa. Ilikuwa na vyumba vyake vinne, jiko la nje, choo, na mzabibu uliotambaa juu ya miti pale uani. Tulikubaliana bei bila makelele. Mzee Ramadhani hakuwa mtu wa kuvutana.

Alisema neno moja tu wakati tunaagana. "Ijumaa mtaleta hela. Lakini kabla ya hapo mje, nitawakabidhi majirani."

Yona akasema, "Sawa, mzee," kama mtu anavyosema sawa kwa jambo la adabu tu. Njiani aliniambia, "Wazee bwana. Majirani wanakabidhiwa?" Mimi nami nikacheka. Kichwa changu kilikuwa kimejaa mapazia.

Jumamosi kabla ya Ijumaa hiyo, Yona hakuwa kazini. Akaniamsha mapema, akachukua kamba na nyundo, tukaja hapa. Mzee alikuwa ameenda sokoni na mizigo yake ya asali. Yona alitaka kuona ukuta utakaa vipi. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamemwambia kwamba mjini nyumba bila ukuta ni kibanda, kwamba mwizi anaingia anavyotaka. Naye alishauchora ukuta kichwani, pande nne, pembe zake sawasawa.

Sasa, mwanangu, palikuwa na njia uani. Si barabara, ni njia ya miguu ya watu. Iliingia kwa nyuma, ikapita kando ya jiko, ikauzunguka mzabibu, ikatokea upande wa pili kwenye bomba la mtaa. Wakati ule maji yalitoka kwa zamu, na bomba lilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Wanawake wote wa huko nyuma walikatiza hapa wakiwa na ndoo zao. Njia yenyewe ilikuwa imepinda vibaya sana. Nilimwona Yona anavyoitazama, nikajua inamkera.

Akapigilia kigingi kimoja kule, kingine huku, akavuta kamba. Ikakata njia katikati, usawa wa magoti.

Alikuwa ameinama anakaza fundo nilipomwona mama mmoja anakuja kutoka bombani na ndoo kichwani imejaa. Sikumjua jina siku ile. Alikuwa mwanamke mwembamba, kanga ya njano, anatembea upesi kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Alipoifikia kamba akasimama. Kuiruka asingeweza na ndoo kichwani. Kuinama aishushe asingeweza. Akasimama tu, maji yakichuruzika kidogo shingoni.

"Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo, labda alitusikia tunavyoongea.

"Mbukwa, mama," nikaitika. Yona akasema shikamoo bila kuinua kichwa.

"Marahaba, wanangu. Mmeshanunua?"

"Bado kidogo tu, mama," akasema Yona.

"Haya. Mungu awasaidie."

Akageuka. Akarudi na ndoo yake mpaka bombani, akashika barabara, akazunguka kwenye kona ya duka, akashuka mtaroni na kupanda tena, ili afike nyumba ambayo mimi niliiona pale nyuma yetu, nikitupa jiwe linafika. Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea.

Yona akajinyoosha, akapangusa mikono. "Unaona? Watu wa mjini waelewa. Hata hakugomba."

"Yona, yule mama alikuwa anapita."

"Atazoea."

Nilikuwa na mimba, mwanangu, na nilikuwa najua ndoo ya maji ina uzito gani shingoni. Neno lile lilinichoma. Lakini nilikuwa nataka nyumba, na nilikuwa nampenda mume wangu, na mambo hayo mawili yakiungana yanaweza kumfunga mtu mdomo kabisa.

Mzee Ramadhani alirudi jua limepanda. Aliingia kwa njia ile ile ya uani, kikapu mkononi, akakutana na kamba. Akaweka kikapu chini. Akaitazama kutoka kigingi hadi kigingi.

"Bwana mdogo, kamba hii ni ya nini?"

"Ukuta, mzee. Napima tu. Nikishakabidhiwa naanza."

"Na wanaopita hapa?"

Yona alikuwa na jibu tayari. "Mzee, nimeiona ramani. Kwenye ramani hakuna njia hapa."

"Ramani," akasema Mzee Ramadhani. Akavuta kigoda, akaketi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Waliochora ramani nawakumbuka. Vijana wazuri, niliwapa maji ya kunywa. Walikuja asubuhi, jioni wakaondoka. Mimi nimekaa hapa. Nakuuliza tena. Wanaopita hapa umewaambiaje?"

Yona akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

"Umemwona mtu amepita leo?"

"Kuna mama alikuja," nikasema. "Akazunguka."

Mzee akafunga macho kidogo. "Mwenye kanga gani?"

"Ya njano."

"Huyo ni Mama Hadija." Kisha akasema taratibu, akimtazama Yona usoni, "Mwanangu, una mikono ya kazi na una mke mzuri. Nilifurahi mlipokuja. Lakini nilikwambia nitakukabidhi majirani kwanza, wewe ukaanza na kamba. Umewafungia watu njia kabla hujajua majina yao. Nyumba siuzi."

"Mzee, tulishakubaliana!"

"Tulikubaliana. Hela yako unayo mfukoni, hujanipa, na mimi sijaipokea. Nendeni salama. Mama, uangalie hilo tumbo, usikae juani."

Ndivyo tulivyoondoka. Kamba tuliiacha pale pale, Yona hata hakuikumbuka. Njia nzima alikuwa anasema peke yake, mzee huyu amezeeka, mzee huyu ameahidiwa bei na mtu mwingine, mzee huyu hivi, mzee huyu vile. Tulipofika chumbani akakaa kitandani, akashika kichwa. Nikaketi karibu naye. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga kofi, vyote kwa pamoja. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja na hatukuwa na pa kwenda.

Jumapili tulikwenda kanisani, tukaimba bila sauti. Jumatatu Yona akaenda kazini. Mimi nikabaki, nikafua, nikapika, nikakosa raha. Nikachukua ndoo. Sijui nilikuwa nafikiri nini, mwanangu, nisikudanganye kwamba nilikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa namwona tu yule mama mtaroni. Nikaenda bombani, nikajaza, nikajitwisha, nikashika njia aliyoishika yeye. Nikapita kona ya duka, nikashuka mtaroni, nikapanda. Kupanda kule ndiko kulikonimaliza. Nilipofika mlangoni kwake nilikuwa nahema na tumbo langu mbele.

"Hodi."

Mama Hadija akatoka. Aliponiona, akapiga kelele. "We mtoto! Na tumbo hilo! Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimekuletea maji, mama. Shikamoo."

Aliitua ndoo haraka, akanikalisha kwenye mkeka, akanipa uji wa ulezi wa moto, huku akinigombeza bila kupumua. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Nilipotulia, nikaona kwamba chumba cha ndani kina kitanda, na kitandani amelala bibi kizee, mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja. Ndiyo maana siku ile alikuwa anakimbia. Alikuwa akimwacha mwenyewe kila akienda bombani, na kila hatua ya kuzunguka ilikuwa hatua ya mgonjwa kukaa bila mtu.

Nikamwomba radhi kwa ajili ya kamba. Akapunga mkono. "Yameisha hayo. Mzee mwenyewe aliifungua mara tu mlipoondoka, akaikunja, ameiweka kwenye kibaraza inamngoja mwenyewe. Lakini msimwone mzee yule mkorofi. Hujui kilichotokea uani kwake."

Basi akanieleza. Mke wa Mzee Ramadhani, Bi Mwanaidi, alidondoka pale karibu na jiko asubuhi moja akiwa peke yake. Mume alikuwa sokoni, watoto wako Kondoa. Nyumba ingekuwa na ukuta, asingejua mtu mpaka jioni. Lakini Mama Hadija alikuwa anapita na ndoo. Akamkuta chini, bado anapumua. Akapiga ukelele, wakaja waliokuwa bombani, wakambeba kivulini, wakampepea, mmoja akakimbia sokoni. Mzee aliwahi. Bi Mwanaidi alikufa adhuhuri ile, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mumewe, na alikuwa ameshamwambia aliyotaka kumwambia.

"Mzee anasema hawezi kutulipa hilo," Mama Hadija akasema. "Sisi tunamwambia ni mambo ya ujirani tu. Lakini yeye ameshika hapo. Amewakataa wanunuzi wengine kabla yenu, hamjui tu."

Nilirudi nyumbani polepole. Yona alipotoka kazini nilimpa maji ya kuoga, nikampa ugali, nikamwacha ashibe. Kisha nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kulikuwa na kijiko kimekaa upande mezani na hakukinyoosha.

"Nilisema atazoea," akasema mwishowe.

Kesho yake, kabla ya zamu yake, alinichukua tukaja hapa. Mzee Ramadhani alikuwa anamwagilia mzabibu. Kamba ilikuwa kibarazani, imekunjwa vizuri kabisa. Mzee akaonyesha kwa kidole. "Mali yako ile."

Yona hakuichukua. Alisimama wima kama anavyosimama mbele ya bosi wake, akasema, "Mzee, sikuja kuomba nyumba. Nyumba utamuuzia unayemtaka. Nimekuja unikabidhi majirani. Hata kama tutapanga chumba kingine, tutapanga mtaa huu huu, na watu hawa nitaishi nao."

Mzee aliweka kopo chini. Alimtazama sana. Kisha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akafuta macho. "Subiri nivae kofia," akasema.

Akatutembeza mlango kwa mlango. Sijawahi kuona makabidhiano ya namna ile, na sijaona tena. Kila mlango alipiga hodi, akasalimu, akasema, "Hawa ni watoto wangu." Kisha akatueleza mbele ya mwenyewe. Huyu ni fundi cherehani, mdomo wake mkali, mzoeeni, siku ya msiba yeye ndiye wa kwanza kufika. Huyu anakunywa mwisho wa mwezi na anaimba, msimjibu, asubuhi ataona haya mwenyewe. Huyu binti ana kifafa, mkimwona ameanguka mlazeni ubavu, msimpe kitu mdomoni. Huyu ni Mama Hadija mnamjua, na huyu mdogo aliyeshika kanga yake ndiye Hadija. Mama Hadija asipopita siku nzima, msingoje kesho, nendeni mkaulize. Yona aliyashika yote. Nilimwona midomo yake inarudia majina.

Tuliporudi, Mzee alivua kofia, akaketi kwenye kigoda. "Sasa," akasema, "tuzungumze habari ya nyumba."

Neema alizaliwa mwezi uliofuata, chumba hicho hapo nyuma yako. Mzee Ramadhani alishaondoka kwenda Kondoa, lakini kila aliyekuja kutoka huko alituletea chupa ya asali yake, mpaka Mungu alipomchukua. Hakuweka sharti lolote wakati anauza. Hakusema "msiifunge njia". Nafikiri aliona hakuna haja tena.

Na ukuta? Ukuta Yona aliujenga, si ndio huu unaouona. Wezi walikuwepo kweli, sikufichi. Lakini hebu utazame vizuri. Unatoka kule umenyooka, ukifika kwenye jiko unapinda, unauzunguka mzabibu pamoja na njia, na kuna uwazi kule nyuma na uwazi huku mbele, bila mlango, upana wa mtu mwenye ndoo. Fundi aliyejenga alimcheka Yona waziwazi. Akamwambia, "Bwana reli, huu ndio ukuta uliopinda kuliko kuta zote za Chang'ombe." Yona akamjibu, "Jenga." Jioni jioni alikuwa anakaa pale kibarazani anautazama, na nilijua unamkera, na nilijua hataugusa. Sijui kama niliwahi kumpenda kuliko jioni hizo.

Sasa amelala makaburini, na mimi nimebaki na ukuta wake. Neema yuko Mpwapwa na wanawe. Bomba la mtaa liling'olewa siku nyingi, kila nyumba ina maji ndani. Kule njia ilikotokea siku hizi ni mgongo wa duka. Dalali mmoja kijana alikuja mwaka huu, akazungukazunguka, akaniambia, "Bibi, ziba hizi nafasi mbili, nyoosha ukuta, bei inapanda hapo hapo." Nikampa zabibu akaondoka nazo.

Lakini kuna jambo nililichelewa kuliona, nalo ndilo lililonifanya nikuite ukae. Kila asubuhi Hadija anapita uani. Yule yule mdogo aliyeshika kanga ya mama yake, sasa ni mtu mzima, ana watoto wakubwa. Anaingia kwa nyuma, anapita kando ya jiko, anasema, "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Mimi namwitikia, yeye anauzunguka mzabibu. Asipopita yeye, anapita binti yake. Wasipopita wao, anapita mtoto wa fundi cherehani. Miaka yote nimewaitikia bila kufikiri, kwa mazoea. Juzi, baada ya wewe kuondoka na picha zako, ndipo nilipomtazama Hadija hadi mwisho. Akafika kwenye uwazi wa mbele, akagusa ukuta wa duka, akageuka, akarudi alikotoka.

Nikamwita. "Hadija, hivi huwa unakwenda wapi?"

Akaona haya. Akasema, "Siendi mahali, bibi. Napita tu."

Nililia, mwanangu. Sikungoja aondoke, nililia mbele yake.

Kwa hiyo nakuambia, na usinicheke tena. Hati ikague, hiyo ni kazi ya macho yako na ya mwanasheria. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Rudi kukiangalia kiwanja mvua ikinyesha, maana huku kwetu korongo kavu linaweza kudanganya mtu miezi yote ya kiangazi. Lakini ukishamaliza hayo, mwache dalali nyumbani, nenda mwenyewe asubuhi kwa miguu. Piga hodi kila mlango. Sema jina lako, uliza la kwao. Uliza nani mgonjwa, nani mzee anaishi peke yake, watoto wanapita wapi kwenda shule. Ukiona njia ya miguu imekatiza kiwanja, usivute kamba kabla hujakutana na miguu yenyewe. Na ukijenga ukuta, mwanangu, jenga, sikukatazi. Kama itabidi upinde, upinde.

Haya, lete mkono wako. Mungu akupe nyumba kavu wakati wa masika na yenye kivuli wakati wa kiangazi. Akupe mwenza wa kucheka naye, na watoto wa kukuchafulia kuta. Majirani wakujue kwa jina na uwajue wao. Na asubuhi utakayochelewa kufungua dirisha, awepo mtu anayepita.

Ule mlenda umeshapoa, kaupashe moto. Kisha tuule, halafu nikukabidhi kwa Hadija.